Maradhi, Masafa na Haki

Husemwa tangu zamani kwamba maradhi hayachagui. Homa huingia katika jumba la tajiri kama iingiavyo katika kibanda cha fukara, na kaburi halimwulizi mtu nasaba yake. Maneno haya yamekuwa faraja ya wanyonge kwa karne nyingi, na ndani yake mna ukweli. Walakini ni nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli ikitumiwa badala ya ukweli mzima huwa pazia. Yamkini maradhi hayamchagui wa kumwingia. Lakini yakisha kuingia katika miili miwili, mmoja ukapona na wa pili ukafa. Na ikiwa aliyekufa alikaa mbali na mji, alikuwa fukara, na alitoka katika jamii ya watu wachache waliozoea kusahauliwa. Na ikiwa mambo hayo hujirudia vivyo hivyo mwaka baada ya mwaka, basi yatupasa tuulize: kama maradhi hayachagui, ni nani aliyechagua?

Swali hili nataka kuliuliza juu ya saratani. Neno lenyewe tulilipata kwa Waarabu, na maana yake ni kaa, kiumbe wa pwani mwenye magando. Wayunani wa kale nao waliuita ugonjwa huu kwa jina la kiumbe huyo huyo. Wanavajo, wenyeji wa asili wa kusini-magharibi mwa Marekani, huuita kwa maneno yenye maana ya kidonda kisichopona. Majina hayo yalitungwa zama ambazo mwanadamu hakuwa na silaha yoyote juu ya adui huyu, na kazi ya jirani ilikuwa kukaa kando ya kitanda na kungoja. Katika zama hizo mauti ya saratani yalikuwa bahati mbaya, na aliyeyaita hivyo hakukosea.

Mambo maovu yampatayo mwanadamu ni ya namna mbili. Kuna bahati mbaya, na kuna dhuluma. Bahati mbaya ni shari isiyoletwa na mkono wa mtu, wala isiyoweza kuzuiwa na mkono wa mtu. Dhuluma ni shari iliyoletwa na mkono, au iliyoachwa ipite na mkono ulioweza kuizuia ukakaa umekunjwa. Ya kwanza tunaililia; ya pili tunaijibia. Kwa hiyo kuchagua jina si mchezo wa maneno. Msiba ukiitwa bahati mbaya, wajibu wetu huishia katika rambirambi. Ukiitwa dhuluma, rambirambi haitoshi. Hoja ya insha hii ni kwamba mpaka wa namna mbili hizi hauko mahali pamoja daima. Husogea kila elimu inapoongezeka. Siku dawa inapojulikana, mauti ambayo jana yalikuwa bahati mbaya huanza kuwa dhuluma, hata kama hapana mtu aliyeyataka.

Nachagua Marekani kuwa mfano kwa sababu udhuru wa kawaida hauwezi kusimama huko. Katika nchi maskini twaweza kusema kwamba fedha hazikutosha, madaktari walikuwa wachache, au vyombo havikununuliwa. Marekani ina fedha, madaktari na vyombo. Elimu kubwa ya saratani ilivumbuliwa katika vyuo vyake au ilitangazwa kwa lugha yake. Ikiwa huko pia mtu wa shamba aliye wa rangi au kabila la wachache huuawa na maradhi ambayo jirani yake wa mjini huponywa, basi sababu haiwezi kuwa upungufu wa elimu wala wa mali. Itatubidi tuitafute mahali pengine.

Tutazame saratani moja tu kwanza, ile ya mlango wa kizazi. Mwaka 1943 daktari George Papanicolaou, Mgiriki aliyehamia Marekani, pamoja na mwenziwe Herbert Traut, walitoa kitabu kilichoonyesha kwamba seli chache zikichukuliwa kwa mwanamke bila ya kisu na kutazamwa kwa hadubini, zaweza kufichua ugonjwa huu kabla haujakomaa. Baadaye katika miaka ya 1980, Harald zur Hausen, mtaalamu wa Ujerumani, alionyesha kwamba ugonjwa huletwa na virusi vya papiloma, na kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2008. Chanjo ya virusi hivyo iliidhinishwa Marekani mwaka 2006. Zaidi ya hayo, adui huyu ni mzito wa mwendo: tangu virusi kuingia hata saratani kukomaa, aghalabu hupita miaka 15 hadi 20. Kwa hiyo mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani liliyataka mataifa yote yaelekee kuukomesha ugonjwa huu. Liliweka shabaha tatu za kufikiwa mwaka 2030: wasichana 90 katika kila 100 wawe wamechanjwa kabla ya kutimiza miaka 15, wanawake 70 katika kila 100 wawe wamepimwa kwa kipimo cha kuaminika, na wagonjwa 90 katika kila 100 wawe wametibiwa. Mara chache sana binadamu amemjua adui kwa ukamilifu huu. Anayekufa kwa ugonjwa huu leo, hakika hauawi na ujinga wa ulimwengu.

Hata hivyo wanawake hufa. Katika jimbo la Alabama liko eneo liitwalo Ukanda Mweusi. Jina hilo kwanza lilikuwa la udongo, kwa kuwa ardhi ya huko ni nyeusi na yenye rutuba. Kisha likawa jina la watu, kwa kuwa udongo huo ulivuta pamba, na pamba ikavuta watumwa. Wajukuu wa watumwa wangali wakikaa huko, katika wilaya ambazo ni miongoni mwa maskini kupita zote nchini Marekani. Uchunguzi wa shirika la kutetea haki za binadamu liitwalo Human Rights Watch, uliotangazwa mwaka 2018, ulionyesha kwamba wanawake Weusi wa Alabama hufa kwa saratani ya mlango wa kizazi karibu mara mbili ya wanawake Weupe wa jimbo hilo hilo.

Sababu zikichambuliwa mojamoja, hapana hata moja yenye sura ya kutisha. Daktari bingwa yuko katika mji mkubwa kama Birmingham, na mgonjwa yuko shambani. Gari hana, na basi halipiti. Siku ya safari ni siku isiyo na ujira. Kipimo cha kwanza huenda kikawa cha bure au cha bei ndogo, lakini kikionyesha alama ya hatari, cha pili kina bei yake, na matibabu yana bei kubwa zaidi. Sheria ya afya ya mwaka 2010 ilikusudia kuipanua bima ya serikali kwa maskini, Medicaid, iwafikie watu wengi zaidi. Mwaka 2012 Mahakama Kuu ya Marekani ikaamua kwamba kila jimbo lina hiari ya kukubali au kukataa. Na hata kufikia mwaka 2024 Alabama ilikuwa miongoni mwa majimbo 10 yaliyokuwa hayajakubali. Basi mwanamke aliyezidi umaskini kidogo kuliko kiwango cha kuhurumiwa, na kupungukiwa na utajiri wa kununua bima, alibaki katikati, katika pengo lisilo na mlezi. Huko hapana muuaji. Iko safari ndefu, bei, karatasi na miadi. Na mwisho wake iko maiti.

Iko pia habari ya mwanamke mmoja ambaye maisha yake yatutia sote katika deni. Henrietta Lacks alizaliwa Virginia mwaka 1920, akalelewa na babu yake huko Clover, katika nyumba ya magogo iliyokuwa zamani makao ya watumwa, na akakulia katika kazi ya mashamba ya tumbaku. Alipokwisha kuolewa na kuhamia Maryland, mwaka 1951 aliugua saratani ya mlango wa kizazi, akalazwa katika hospitali ya Johns Hopkins, katika wodi iliyotengwa kwa watu Weusi. Seli za uvimbe wake zilichukuliwa pasipo yeye kuulizwa. Alifariki Oktoba 4 mwaka huo, akiwa na miaka 31. Seli zake hazikufa: ziliongezeka katika maabara, zikasafirishwa ulimwenguni kote, zikatumika katika majaribio ya chanjo ya polio na katika kazi nyingine zisizohesabika. Jamaa zake hawakuambiwa lolote mpaka miaka ya 1970, na kaburi lake halikuwa na jiwe hata mwaka 2010. Ndani ya seli hizo hizo, kundi la zur Hausen liliikuta namna ya 18 ya virusi vya papiloma, mojawapo ya mbili zinazoleta sehemu kubwa ya ugonjwa uliomwua.

Jambo hili lastahili kufikiriwa polepole. Mwili wa mwanamke Mweusi wa shamba ulisaidia kufumbua fumbo la ugonjwa. Fumbo lilipofumbuliwa, chanjo ilitengenezwa. Na chanjo ilipotengenezwa, wanawake waliofanana naye kwa asili na kwa maskani walikuwa miongoni mwa wa mwisho kunufaika. Tukisema kwamba watu hao waombewe hisani, tumekosea hesabu. Hisani hutolewa na asiyedaiwa. Hapa mdai ni mgonjwa, na mdaiwa ni dunia nzima iliyoponywa kwa seli za mwili ambao wenyewe haukuponywa.

Yatupasa sasa tuwasikilize wanaopinga, kwani hoja isiyopingwa haijulikani nguvu yake.

Wa kwanza husema: wagonjwa wenyewe ndio wazembe. Kliniki ipo nao hawaendi, wakiitwa hupuuza, wakija huja ugonjwa umekwisha kuenea. Katika madai haya kipo kitu cha kweli, nacho ni kwamba wengi huchelewa. Lakini kuchelewa kwaweza kuwa na historia. Katika wilaya ya Macon, ndani ya Ukanda Mweusi wenyewe, madaktari wa serikali ya Marekani walianza mwaka 1932 kuwachunguza wanaume Weusi wapatao 600, wengi wao wakulima maskini, na kati yao 399 walikuwa na kaswende. Watu hao waliambiwa kwamba wanatibiwa damu mbaya. Penisilini ilipokwisha kuwa dawa ya kawaida ya kaswende katika miaka ya 1940, wao hawakupewa, ili madaktari wapate kuona ugonjwa huo unavyomaliza mwili. Jambo hilo lilikomeshwa mwaka 1972, baada ya magazeti kulifichua, na Rais Bill Clinton aliomba radhi kwa niaba ya taifa mwaka 1997. Mjukuu wa mtu wa Macon anapositasita mlangoni pa hospitali, tusifanye haraka kumwita mjinga. Aliyeumwa na nyoka, wahenga walisema, akiona unyasi hushtuka. Shaka yake ni elimu aliyoilipia kwa bei kubwa, na anayetaka kuiondoa hana budi kuwa mwaminifu kwa muda mrefu kama ule ambao wenziwe walikuwa wadanganyifu.

Wa pili husema: hapakuwa na nia mbaya, na pasipo nia hapana dhuluma. Hoja hii ni nzito zaidi, nayo yatupeleka katika nchi ya Wanavajo, yenye zaidi ya kilomita za mraba 70,000, eneo kubwa kuliko Rwanda na Burundi zikiunganishwa. Kati ya mwaka 1944 na 1986, karibu tani milioni 30 za mawe ya urani zilichimbwa huko, kwanza kwa ajili ya silaha za taifa. Wanavajo waliingia mashimoni kwa ujira mdogo, wakapumua vumbi na gesi ya radoni, wakarudi nyumbani na nguo zile zile. Hatari ya migodi ya namna hiyo haikuwa siri: tangu mwaka 1879 madaktari wa Ujerumani walikuwa wameandika juu ya saratani ya mapafu ya wachimbaji wa Schneeberg. Mwaka 1950 madaktari wa serikali ya Marekani walianza kuwachunguza wachimba urani, na ili wenye migodi wawaruhusu kuingia, walikubali kwamba wachimbaji wasiambiwe hatari iliyokuwa ikiwakabili. Miaka ikapita. Uchunguzi wa kesi za saratani ya mapafu miongoni mwa wanaume Wanavajo tangu 1969 hata 1993 ulikuta wagonjwa 94, na kati yao 63 walikuwa wamefanya kazi katika migodi ya urani.

Je, madaktari wale walitaka watu wafe? Yaelekea hawakutaka. Walitaka kujua. Walidhani kwamba idadi zikisha kupatikana zitaokoa wengine. Lakini aliyejua na akanyamaza alishika mkononi maisha ya asiyejua, na kukosa nia ya kuua hakumwondolei wajibu wa kusema. Sheria hufanya vyema inapotafuta nia katika kuadhibu. Maadili yana swali jingine pamoja na hilo: nani alijua, nani aliweza, na nani hakufanya? Serikali yenyewe ililikubali swali hilo mwaka 1990, ilipotunga sheria ya fidia iliyoomba radhi kwa niaba ya taifa. Walakini hata katika fidia masafa yalijitokeza tena kwa sura nyingine: wajane waliooana kwa mila ya kabila lao walitakiwa vyeti vya ndoa ambavyo mila haikuviandika, hata sheria ikarekebishwa mwaka 2000. Sheria hiyo ilikwisha muda wake mwaka 2024, ikafufuliwa mwaka 2025, na wazee wengi walikuwa wamekufa wakingoja. Na katika nchi hiyo yote kubwa, kituo cha kutibu saratani hakikuwapo mpaka mwaka 2019, kilipofunguliwa Tuba City. Kabla ya hapo mgonjwa alisafiri saa nyingi kwenda katika miji ya mbali kutafuta dawa ya ugonjwa alioupata nyumbani kwake.

Wa tatu husema: sheria ni moja kwa wote, milango ya hospitali i wazi kwa wote, na usawa ndio haki. Huyu anastahili jibu la upole, kwa sababu usawa ni neno tukufu, na watu wa vizazi vilivyopita waliteseka wapate kuliandika katika sheria. Lakini tufikiri juu ya kisima. Mzee wa mji akatangaza kwamba kila mtu ana ruhusa ya kuteka maji, na hapana atakayefukuzwa. Nyumba moja iko hatua 20 kutoka kisimani. Nyingine iko nyuma ya milima miwili, na wa nyumba hiyo walihamishiwa huko kwa nguvu zamani za mababu. Tangazo la mzee ni moja kwa wote, na kiu si moja. Haki iliyopimwa kwa upana wa mlango humfaa aliye karibu na mlango. Kwa mgonjwa wa mbali kipimo kinachofaa ni kingine: je, maji yamefika katika mtungi wake? Ikiwa hayakufika, usawa uliotangazwa haujawa haki bado. Ni ahadi ya haki, na ahadi ni deni.

Wa nne husema: masafa ni amri ya maumbile; milima na majangwa hayakuumbwa na serikali. Kwa hoja hii ushahidi wa hakika hutosha kuliko maneno. Mwaka 2011 Rwanda, nchi ya wakulima na vilima elfu, ilianza kutoa chanjo ya virusi vya papiloma kwa wasichana wa shule. Chanjo zenyewe zilitolewa zawadi na watengenezaji. Kazi ya kuzifikisha ilikuwa ya walimu, wauguzi na wahudumu wa vijiji, na wasichana wasiokuwa shuleni walifuatwa makwao. Katika mwaka huo wa kwanza, wasichana zaidi ya 9 katika kila 10 waliokusudiwa walipata dozi zote tatu. Mwaka huo huo nchini Marekani, wasichana waliozipata dozi zote tatu walikuwa kama theluthi moja tu. Vilima vya Rwanda si vifupi, na hazina yake haikuwa nono. Kilichozidi ni kusudi.

Marekani yenyewe nayo inao ushahidi wa namna hiyo. Delaware ni jimbo dogo. Mwaka 2001, watu Weusi wa huko waliochunguzwa saratani ya utumbo mpana kama ilivyoshauriwa walikuwa 48 katika kila 100, na Weupe 58. Serikali ya jimbo ikaanzisha mpango: uchunguzi ukalipiwa kwa wasio na uwezo, wauguzi wakapewa kazi ya kuwaongoza watu tangu nyumbani hata hospitalini, na asiye na bima akionekana ana saratani, akalipiwa matibabu kwa miaka miwili. Mwaka 2009 waliochunguzwa walifika 74 katika kila 100, Weusi kwa Weupe, na vifo vya Weusi vikapungua hata vikakaribiana na vya Weupe. Miili ilikuwa ile ile, na rangi ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni mpango.

Ushahidi huu watuonya pia juu ya kosa ambalo hata wasomi wema huliangukia. Tukiandika kwamba watu wa rangi fulani hufa zaidi, wasikiaji huelewa kwa urahisi kwamba rangi yenyewe ndiyo inayoua, kana kwamba mauti yamo katika damu yao. Ni kweli kwamba zipo saratani ambazo urithi wa mwili una fungu ndani yake, wala si busara kulikana hilo. Lakini tofauti iliyoweza kufutwa karibu yote katika miaka minane haikuandikwa katika damu. Tena, Weupe mafukara wa milima ya mashariki mwa Kentucky, nchi ya makaa ya mawe na tumbaku, nao hufa sana kwa saratani ya mapafu. Ufukara na masafa huua bila kujali rangi. Kazi ya rangi katika historia ya nchi hiyo ilikuwa nyingine: iliamua ni nani wawekwe mbali na wafanywe mafukara, na ni nani wakilalamika wasisikilizwe. Kwa hiyo rangi katika daftari la vifo ni kumbukumbu ya mambo waliyotendewa watu. Anayeisoma kama sababu ya maumbile amesoma herufi akaacha maana.

Iwapo basi ni dhuluma, dhalimu ni nani? Swali hili huwachosha wengi, kwa sababu wakitafuta uso wa dhalimu hawauoni, kisha hurejea katika neno la bahati mbaya kama mtu arejeaye kitandani. Lakini dhuluma yaweza kugawanyika vipande vidogo hata kila mshiriki akadhani mkono wake ni safi. Mtunga sheria alipiga kura yake moja. Mkuu wa hospitali ya kijiji aliifunga kwa kuwa haikupata faida. Mwenye basi aliondoa njia isiyo na abiria. Mtaalamu alichapisha idadi zake akaendelea na kazi nyingine. Mpiga kura alikuwa na shughuli. Mzigo wa lawama ukigawanywa hivyo huwa mwepesi kwa kila mtu. Mzigo wa mgonjwa haugawanyiki. Kwa hiyo yafaa tutenganishe mambo mawili: adhabu na wajibu. Adhabu yataka mkosaji ajulikane. Wajibu hautaki hivyo. Wataka tu mwenye uwezo ajulikane. Nyumba ikiwaka moto, hatumngoji hakimu aamue nani aliyeiwasha ndipo tuchote maji.

Kati ya wenye uwezo, fungu la wasomi si dogo. Habari za Macon na za Wanavajo zina jambo moja la kutisha kupita mengine: katika kila moja walikuwapo watu wenye elimu, wakiandika kwa makini, wakihesabu bila ya kosa, na makini yao haikumwokoa mtu. Elimu ilipata daraja, mgonjwa akapata kaburi. Tangu zama hizo nchi nyingi zimeweka kanuni za kuwalinda wanaochunguzwa, na kanuni hizo ni njema. Lakini kanuni humkataza mtaalamu asidhuru. Hazimlazimishi kurejea kijijini na matunda ya aliyoyapata. Mtu ahesabuye vifo vya jamii ya mbali miaka 10, kisha miaka 10 mingine, akathibitisha kila mara kwamba tofauti ipo, amefanya kazi ya elimu. Ila afika wakati ambapo hesabu ya kwanza ilikuwa ugunduzi, na ya kumi ni uzoefu wa kutazama. Huko Alabama na katika bonde la Mississippi, tangu mwaka 2000, mpango uitwao Deep South Network uliwafunza wakazi wenyewe wa vijiji na makanisa kuwa washauri wa afya wa majirani zao; na mwaka 2023 Alabama ilitangaza mpango wa jimbo zima wa kuikomesha saratani ya mlango wa kizazi. Hizi ni dalili kwamba elimu yaweza kurudi kwa mwenyewe, ikiwa wapo wa kuibeba.

Wala msomaji wa Afrika Mashariki asisome habari hizi kama mtazamaji wa moto wa ng'ambo. Saratani ya mlango wa kizazi iko katika nchi zetu, na huua wanawake wengi. Chanjo imekwisha fika: Uganda tangu mwaka 2015, Tanzania tangu 2018, Kenya tangu 2019. Kwa hiyo mpaka ule niliousema umesogea hata kwetu. Yaliyokuwa bahati mbaya kwa bibi zetu hayawezi kuitwa hivyo kwa binti zetu. Kila nchi ina watu wake wa mwisho wa njia: wafugaji wanaohama, wakazi wa visiwa, wawindaji wa misitu, makabila madogo ambayo lugha yao hainenwi na mwuguzi. Kuwaita wachache si kosa, kwa kuwa hesabu ni hesabu. Kosa ni kudhani kwamba uchache wao wapunguza haki yao, na kwamba njia ya kuwafikia yaweza kungoja mpaka wengi watosheke.

Wanavajo waliuita ugonjwa huu kidonda kisichopona, na walikuwa na haki ya kuuita hivyo, kwani kwao haukuwa ukipona. Siku hizi baadhi ya watumishi wa afya wa kabila hilo huwaeleza wazee wao kwamba jina hilo limezeeka, na kwamba kidonda kikionekana mapema hupona. Kazi yao ni ngumu, maana jina la zamani halifutwi kwa maelezo. Litafutwa na wagonjwa watakaokwenda wakarudi. Ni juu ya wenye uwezo kuhakikisha kwamba wanarudi.